Ofu Nayo ni Deni

Akina mama wenzangu, kuna deni moja ambalo halimo katika kitabu cha duka wala katika daftari la upatu, lakini limo katika nyumba zetu nyingi. Ni deni la siku. Mtu amefanya kazi siku aliyotakiwa kupumzika, akaambiwa, "Tutakufidia baadaye." Siku hiyo ikapita, ikaja ya pili na ya tatu, na hiyo baadaye yenyewe haikufika. Sisi wauguzi siku hiyo ya fidia tunaiita ofu. Walimu wa shule za bweni, madereva, walinzi, wahasibu wanaofunga mahesabu ya mwaka na wasichana wanaotusaidia kazi za nyumbani wote wanaijua, ingawa kila mahali ina jina lake.

Mwezi huu napenda tuzungumze juu ya ofu ambazo hazijachukuliwa. Wengi wetu tumo pande zote mbili za deni hili. Kazini tunadai, na nyumbani tunadaiwa. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, lakini deni lisiloandikwa hulipwaje? Na siku iliyokwisha kupita hulipwa kwa nini?

Namna siku zinavyolimbikizana

Mimi ni muuguzi, naishi Kipatimu, katika vilima vya Umatumbi wilayani Kilwa. Wanaofanya kazi ya hospitali au zahanati vijijini hawahitaji kuelezwa jinsi ofu zinavyolimbikizana. Watumishi ni wachache. Mmoja yuko likizo ya uzazi, mwingine amekwenda kwenye semina Lindi, na masika yakishika anarudi amechelewa siku mbili. Mama mjamzito naye hasomi ratiba ya zamu. Anakuja saa nane za usiku akiwa amebebwa kwa pikipiki, na kama uchungu wake una matatizo, mtu mmoja lazima amsindikize mpaka Hospitali ya Kinyonga, Kilwa Kivinje. Anayesindikiza ndiye aliyekuwa apumzike kesho.

Hapo hakuna mtu mbaya. Mkuu wa zamu hakupenda kukunyima siku yako, na wewe hukupenda kumwacha mgonjwa. Mnakubaliana kwa maneno mawili mlangoni, kila mtu anakwenda zake. Tatizo linaanza baada ya dharura kwisha, maana mgonjwa aliyepona anakwenda nyumbani na kusahau, mkuu naye ana mambo mengi na anasahau, na anayekumbuka ni yule tu aliyekosa usingizi.

Miaka mingi iliyopita, kabla sijarudi huku kwetu, nilikuwa muuguzi katika kituo kimoja cha mkoa mwingine. Mkuu wetu wa wakati ule alikuwa mtu mwema. Kila mara aliponiomba nibaki aliniambia, "Ziweke ofu zako, dada, siku ukiwa na shida utazichukua kwa mkupuo." Mimi nilizihesabu katika kidaftari changu, tarehe na zamu, mpaka zikafika 23. Kisha mkuu yule akahamishwa. Miezi miwili baadaye nikapata habari kwamba mama yangu mzazi amepatwa na kiharusi. Nikaenda kwa mkuu mpya na kidaftari changu, nikiamini kwamba nina akiba. Alikisoma kwa makini, akanirudishia, akasema, "Hizi umeziandika mwenyewe. Katika kumbukumbu za ofisi hakuna hata moja." Kwa huruma alinipa siku saba.

Mbili ziliishia njiani kuja, mbili njiani kurudi. Siku tatu nilizobaki nazo nilimwonyesha mdogo wangu, aliyekuwa kidato cha tatu, namna ya kumgeuza mama kitandani asipate vidonda, namna ya kumlisha uji asipaliwe, na namna ya kumnyoosha mkono uliolala. Binti yule aliacha masomo muhula mzima. Mama alifariki mwezi wa nne tangu augue. Kwa mazishi nilipewa ruhusa bila maswali.

Sielezi haya ili tumlaumu mtu. Mkuu mpya hakunidanganya. Kweli hakukuwa na maandishi. Naeleza ili tuone kwamba ofu iliyowekwa kwa maneno haifanani na fedha iliyowekwa benki. Haina kitabu wala dhamana, na anapohama aliyeahidi, ahadi nayo huhama.

Siku ina majira yake

Kuna jambo la pili ambalo ni zito kuliko hilo la kwanza. Tuseme ningepewa zile siku zote 23 mwaka uliofuata. Zingenifaa nini? Mama alikuwa amekwisha zikwa. Siku ya mapumziko si kama shilingi, ambayo ukiikosa Januari na kuipata Juni bado unaweza kununulia sabuni. Siku ina majira yake.

Sisi watu wa kilimo tunalijua hilo vizuri. Nandete, huku huku Umatumbi, ndiko walikong'olewa miche ya kwanza ya pamba mwezi Julai mwaka 1905, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Serikali ya Wajerumani ilikuwa imewalazimisha watu kulima pamba chini ya maakida, kwa ujira mdogo usiolingana na jasho lao. Kilichowaumiza wazee wetu hakikuwa viboko peke yake. Mtu aliyeitwa kwenye shamba la pamba wakati wa palizi aliliacha shamba lake mwenyewe likimezwa na majani, na hata angeachiwa siku nyingi namna gani wakati wa kiangazi, zisingemrudishia mtama wake. Mabwana wa kazi wa siku hizi si maakida, wala sisemi hivyo. Nasema tu kwamba anayechukua siku ya mtu amechukua zaidi ya saa nane au tisa za kazi. Amechukua palizi yake.

Na nyumbani mwetu palizi ni nyingi. Mtoto mwenye surua anamhitaji mama yake juma hili. Mume aliyerudi safari baada ya miezi mitatu yuko nyumbani siku tano, akiondoka ameondoka. Kikao cha wazazi shuleni ni Ijumaa moja tu. Mama anayeambiwa kila mara kwamba atapumzika mwezi ujao, watoto wake hujifunza kutomngojea.

Mwili nao una hesabu yake. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa uchunguzi ulioonyesha kwamba mwaka 2016 watu 745,000 duniani walikufa kwa kiharusi na magonjwa ya moyo yanayohusiana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma. Anayefanya kazi muda huo, akilinganishwa na anayefanya saa 35 hadi 40, hatari yake ya kupatwa na kiharusi imezidi kwa asilimia 35. Hata kabla ya kufika huko, kila muuguzi anajua dawa inavyoweza kupimwa vibaya na mikono iliyokesha siku mbili. Ofu ya muuguzi ni sehemu ya usalama wa mgonjwa.

Wasomaji wa Biblia watakumbuka habari ya ardhi katika Mambo ya Walawi, ambayo iliamriwa ipumzishwe kila mwaka wa saba. Watu walipuuza. Sura ya mwisho ya Kitabu cha Pili cha Mambo ya Nyakati inaeleza kwamba watu walipochukuliwa kwenda Babeli, nchi ilikaa ukiwa mpaka ilipojilipa Sabato zake zote, miaka 70. Mimi nikiisoma habari ile naiona kama habari ya ofu. Pumziko linalodaiwa halipotei. Usipolitoa kwa hiari, litachukuliwa kwa njia nyingine, na aghalabu kwa pamoja, wakati usioutaka.

Sheria inasemaje?

Akina mama wengi wanadhani ofu ni hisani ya mkubwa. Si kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inaweka saa za kawaida za kazi kuwa zisizozidi 45 kwa juma na 9 kwa siku. Saa za ziada hazitakiwi kupita 50 katika majuma manne, na kila saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Mfanyakazi anastahili mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku na siku, na saa 24 mfululizo kila juma. Akifanya kazi katika pumziko lake la juma au katika sikukuu ya kitaifa, kila saa hulipwa mara mbili. Likizo ya mwaka ni siku 28. Kazi ya usiku, yaani tangu saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ina nyongeza yake ya asilimia 5 kwa kila saa. Sheria hiyo hiyo inatambua kwamba dharura ipo, na hilo ni la haki.

Tazameni kwamba kwa siku ya mapumziko iliyofanyiwa kazi sheria inazungumzia malipo. Kwa hiyo mahali ambapo mnabadilishana siku kwa siku badala ya fedha, hayo ni makubaliano yenu, nayo yanahitaji maandishi na yasimpunguzie mtu haki yake. Hata pale sheria inapokubali pumziko la juma lisogezwe, inataka maandishi na inaweka mpaka: saa 60 mfululizo katika kila majuma mawili. Majirani zetu wa Kenya wana amri ya jumla ya mishahara inayomruhusu mwajiri na mfanyakazi kukubaliana kuahirisha siku za mapumziko na kuzilimbikiza, lakini zisizidi 14, kisha zichukuliwe kama likizo yenye mshahara juu ya likizo ya mwaka. Nchi mbili, njia mbili, lakini wazo ni lile lile. Deni la pumziko liwe na mwisho.

Ukiona umenyimwa haki yako, anza kwa mazungumzo, kisha chama chenu cha wafanyakazi. Ikishindikana ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Usikae sana, maana madai ya namna hii yanatakiwa kufikishwa huko ndani ya siku 60 tangu mgogoro utokee.

Kwa wenye kusimamia wenzao

Baadhi yenu ni wakuu wa wodi, walimu wakuu, wenye maduka, viongozi wa vikundi vyenye vibarua. Napenda kuwaeleza utaratibu ninaoutumia mimi katika wodi ninayoisimamia, nao haugharimu kitu zaidi ya daftari moja la kurasa 96.

Daftari lina safu tano: tarehe, jina, sababu iliyomfanya mtu abaki, sahihi yake na yangu, na tarehe aliyolipwa siku hiyo. Linakaa pamoja na daftari la ripoti, na kila mtu anaweza kulifungua. Tunaandika siku hiyo hiyo wakati wa kukabidhiana zamu, si mwisho wa juma.

Ninapopanga ratiba ya mwezi, ninaanza na safu ya tano. Wenye nafasi zilizo wazi ndio wanaopangiwa ofu kwanza, halafu ndipo nagawa zamu. Wengi hufanya kinyume chake. Hugawa zamu kwanza na kutafuta ofu katika mabaki, na mabaki hayapo. Mtu akifikisha siku tano, hafanyi tena zamu ya ziada mpaka apunguze. Pale ambapo watu ni wachache mno kutoa siku nzima, natoa nusu mbili katika juma lile lile, au wawili wanabadilishana kwa sahihi zao.

Najua mtaniuliza, "Na kama hakuna wa kumwachia?" Ni swali la kweli. Ofu ya mmoja isiwe zamu mbili za mwenzake, maana hapo deni halikulipwa, limehamishwa. Lakini daftari lina faida hapo pia. Nikienda kwa wakubwa kuomba mtu wa kuongeza, siendi na malalamiko. Naenda na hesabu, siku kadhaa kwa watu kadhaa katika miezi mitatu. Mkubwa anaweza kubishana na uso uliochoka. Na sahihi arobaini ni vigumu kubishana.

Mengine ni madogo lakini yana uzito. Ofu isitumiwe kama zawadi ya kumpendelea mtu wala kama fimbo ya kumwadhibu. Anayedai aulizwe ni siku gani itamfaa, maana yeye ndiye anayejua palizi yake. Mtu anapohama au kuacha kazi, hesabu ifungwe kabla ya kumuaga kwa soda na keki. Na mkuu anayeondoka amkabidhi mwenziwe deni hili pamoja na funguo za kabati la dawa.

Yule aliyemo jikoni mwetu

Sasa tugeuke upande wa pili, na hapa naomba tusikasirikiane. Msichana anayekusaidia nyumbani ana ofu? Sheria niliyoitaja haikumwacha nje. Yeye ni mfanyakazi kama wewe. Jumapili unakwenda kanisani, yeye anabaki na mtoto na sufuria. Krismasi wageni wamejaa, analala saa sita za usiku na kuamka saa kumi na moja. Penye msiba ndiye anayepika, penye harusi ndiye anayefua. Tukimwambia, "Utakwenda kwenu mwezi ujao," tunamwambia maneno yale yale tunayoambiwa sisi kazini, na ambayo tunayalalamikia jioni mbele yake.

Kalenda ya ukutani inatosha. Chora duara kwenye kila siku aliyostahili kupumzika akafanya kazi, na msalaba juu yake siku unapomlipa. Akijua kusoma, achore mwenyewe. Mpe saa zake za kusali mahali anaposali yeye, awe Mkristo au Mwislamu. Huku kwetu pwani tunaishi pamoja. Kama anapenda fedha badala ya siku, mlipe kama sheria inavyotaka, lakini umwulize kwa kweli, usimjibie. Na hata akipenda fedha, asikose kabisa siku ya kulala.

Kujitolea ni nini?

Limebaki jambo ambalo husemwa sana katika taasisi zenye watu wa dini. Mfanyakazi akiuliza ofu zake anajibiwa kwamba huduma ni wito, na anayehesabu siku hana moyo wa kujitolea. Mimi ninajitolea katika kanisa letu. Nawatembelea wagonjwa wa majumbani na kuwafundisha akina mama usafi wa watoto wachanga. Kazi hiyo silipwi na sihitaji kulipwa. Naifanya katika siku zangu.

Hizo siku ni zangu, na ndiyo maana naweza kuzitoa. Kujitolea ni kutoa kilicho chako kwa hiari yako. Siku yangu ikichukuliwa bila mimi kuulizwa, kisha ikaitwa sadaka, nimetoa nini? Aliyetoa ni mwingine, na alichotoa si chake. Mwajiri anayelipa ofu za watu wake haui moyo wa kujitolea. Anaupa kitu cha kutoa. Nimeona wauguzi waliopata mapumziko yao wakirudi wenyewe bila kuitwa waliposikia kuna wajawazito wawili kwa wakati mmoja. Nimeona pia waliochoka kunyimwa, wakizima simu zao saa moja jioni.

Basi akina mama, kabla mwezi huu haujaisha, fanyeni mambo mawili. Anayekusimamia, mwombe kwa heshima aweke sahihi kwenye siku zako zilizobaki, nyingi au chache. Na yule anayefanya kazi chini yako, iwe wodini, dukani au jikoni, muulize, "Unanidai siku ngapi?" Akisema hakuna, muulize mara ya pili, kwa maana wengi wa walio chini yetu wanaogopa kujibu mara ya kwanza. Kisha chukua kalamu.